Korongo, Genge na Maporomoko: Kuyajua Maneno na Kuijua Njia ya Mlimani

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda akiulizwa korongo ni nini, mara nyingi hujibu kuwa korongo ni ndege. Jibu hilo ni sahihi. Korongo mwenye taji kichwani ndiye nembo ya taifa letu. Yumo katika bendera, na timu yetu ya taifa ya kandanda hujiita kwa jina lake. Lakini katika Kiswahili liko korongo jingine ambalo halina mbawa wala taji. Hilo ni bonde jembamba lenye kuta kali, lililochimbwa na maji kwa miaka mingi, na ambalo ndani yake mara nyingi hupita mto au kijito. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotusaidia kutofautisha maneno haya mawili. Tunasema "korongo huyu ameruka", lakini tunasema "korongo hili ni refu, nayo makorongo yale ni membamba".

Darasani, mwanafunzi anayechanganya maneno haya hupoteza alama moja tu. Njiani mlimani mambo ni tofauti. Katika miaka ya karibuni wanafunzi, vikundi vya makanisa na familia nyingi za Afrika Mashariki wameanza kupanda milima na kutembelea makorongo na maporomoko ya maji kwa miguu. Wapo waliokwenda wakiwa na furaha na hawakurudi, na si kwa sababu ya uzembe mkubwa, bali kwa kuwa hawakufahamu mahali walipokuwa wamesimama ni mahali pa namna gani.

Makala haya yanakusudia kufanya mambo matatu. Kwanza, yanafafanua maneno ya Kiswahili yanayotaja sura za nchi katika njia za mlimani. Pili, yanaeleza, kwa kutumia zaidi mfano wa Mlima Elgon, jinsi makorongo na maporomoko yanavyotokea na kwa nini yana hatari. Tatu, yanapendekeza jinsi lugha ya tahadhari inavyopaswa kutumiwa na kufundishwa.

Maneno na maana zake

Tuanze na neno bonde. Bonde ni sehemu ya chini iliyo kati ya miinuko miwili. Linaweza kuwa pana kiasi cha kubeba miji na mashamba, kama lilivyo Bonde la Ufa. Korongo ni aina ya bonde, ila sifa zake ni mbili: wembamba na ukali wa kuta zake. Waandishi hawakubaliani kila mara. Kwa mfano, pale Tanzania palipochimbuliwa mabaki ya binadamu wa kale, wengine huandika Bonde la Olduvai na wengine Korongo la Olduvai. Kwa msafiri wa miguu tofauti hii ina uzito. Aliye bondeni anaweza kuyakimbia maji kwa kwenda pembeni. Aliye korongoni hana pembeni.

Neno la pili ni genge. Katika mazungumzo ya mjini genge ni kundi la watu, hasa wahalifu, au ni mahali panapouzwa vyakula na mahitaji madogo madogo. Mlimani, genge ni ukingo mkali wa ardhi au mwamba unaoshuka wima. Mtu aliyesimama juu ya genge yuko katika hatari ya kuanguka. Aliyesimama chini ya genge yuko katika hatari ya kuangukiwa. Kuta za korongo kwa kawaida ni magenge mawili yanayotazamana.

Neno la tatu ni maporomoko. Asili yake ni kitenzi poromoka, yaani kushuka kwa kishindo na kwa wingi kutoka juu. Maporomoko ya maji ni pale mto unapofika kwenye genge na kuanguka. Tuna maporomoko mashuhuri hapa nchini, yale ya Murchison, ambapo Mto Naili wote hubanwa katika upenyo wa mita zipatazo 7 tu kabla ya kuanguka. Lakini neno hilo hilo hutumika pia katika maporomoko ya ardhi. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu kwa mwenyeji wa Elgon aina hizi mbili za maporomoko ni ndugu wa karibu.

Kiswahili kina pia vitenzi vingi vya mwendo wa maji, na inafaa mwanafunzi avijue kwa mpangilio. Maji hububujika yanapotoka kwenye chemchemi. Huchururika yanaposhuka kidogo kidogo kwenye mwamba. Hutiririka yanapopita katika mkondo wake kwa utulivu. Hufurika yanapozidi kingo zake. Huporomoka yanapoanguka kwa wingi. Mpanda mlima akiona maji yaliyokuwa yakitiririka yameanza kufurika, huo si wakati tena wa kupiga picha.

Jinsi maji yanavyouchonga mlima

Mlima Elgon uko katika mpaka wa Uganda na Kenya. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina urefu wa mita 4,321 kutoka usawa wa bahari. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana. Juu yake ipo kaldera, yaani bakuli kubwa lililobaki baada ya kilele cha kale kubomokea ndani, na upana wa bakuli hilo ni kilometa zipatazo 8. Mlima huu ni mkongwe kuliko Kilimanjaro, na ukongwe wake unaonekana: mvua ya mamilioni ya miaka imeukwangua na kuuchana kwa mabonde na makorongo pande zote.

Ili kuelewa maporomoko yake, ni lazima tujue mlima huu umejengwa kwa nini. Kila volkano ilipolipuka ilitoa vitu vya aina mbalimbali. Kuna wakati ilimwaga lava iliyopoa na kuwa mwamba mgumu. Kuna wakati ilirusha majivu na mawe yaliyotua na kushikamana, yakawa tabaka laini zaidi. Tabaka hizi zilipangana moja juu ya nyingine kama chapati zilizopangwa katika sahani. Mto unaposhuka juu yake, tabaka gumu hustahimili na tabaka laini huliwa. Pale tabaka gumu linapokwisha, mto huanguka. Maji yanayoanguka hulichimba tabaka laini lililo chini, yakafanya kidimbwi kirefu mbele na pango nyuma ya pazia la maji. Baada ya muda mrefu, mwamba mgumu ulio juu hukosa kitu cha kuuegemeza, ukavunjika na kuanguka. Ndipo maporomoko yanaporudi nyuma hatua moja. Hatua hizo zikijirudia kwa maelfu ya miaka, mahali ambapo maporomoko yalipita hubaki uwazi mwembamba wenye kuta kali. Uwazi huo ndio korongo. Kwa maneno mengine, makorongo mengi ni nyayo za maporomoko yaliyokwisha kupita.

Mfano mzuri ni Maporomoko ya Sipi katika Wilaya ya Kapchorwa, nyumbani kwa Wasabiny. Mto Sipi hauanguki mara moja tu. Huanguka mara tatu katika sehemu tatu tofauti, kwa kuwa mteremko wa mlima una ngazi za mwamba mgumu. Maporomoko ya chini, ambayo ndiyo marefu zaidi na ndiyo yanayoonekana katika picha nyingi, yana kimo cha mita 100 hivi. Njia ya miguu inayounganisha maporomoko haya matatu hupita katikati ya mashamba ya kahawa na migomba, hushuka kwenye vidimbwi na kupita karibu na mapango. Msomaji anayetembea hapo anaweza kuyaona kwa macho yale tuliyoyaeleza: mwamba mgumu juu, pango chini, na mawe makubwa yaliyotapakaa kwenye kidimbwi. Mawe hayo hayakuletwa na mtu. Yalikuwa sehemu ya dari. Ndiyo maana si busara kukaa kwa muda mrefu chini ya ukingo wa maporomoko, hata kama manyunyu yake yanaburudisha.

Kutoka Sipi, wanaotaka kwenda mbali zaidi huanzia kituo cha msituni kilichoko Kapkwai. Wengine hupitia Budadiri kwa njia iitwayo Sasa. Jina hilo halina uhusiano na neno letu la Kiswahili "sasa". Ni jina la mto. Katika njia hiyo wapo wanaopata mshangao wanapofika kwenye magenge ya Mudangi, ambako watu hupanda kwa ngazi. Wengine huanzia Kapkwata kwa njia ya Piswa, ambayo mteremko wake ni wa taratibu zaidi. Ndani ya kaldera yenyewe ndimo unamoanzia Mto Suam. Mto huu umepata upenyo mmoja upande wa mashariki na kutoka kwa Korongo la Suam, penye chemchemi za maji moto. Kisha hushuka ukiwa mpaka kati ya nchi zetu mbili, hubadilika jina na kuitwa Turkwel, na kuelekea Ziwa Turkana. Huko Kenya, mto huo huo unapita katika korongo jingine jembamba, na wahandisi waliutumia wembamba huo kujenga Bwawa la Turkwel lenye ukuta wa mita 153. Korongo linalomtisha msafiri linaweza kuwa neema kwa mhandisi, na sababu ni ile ile moja: maji yote hulazimika kupita mahali padogo.

Mvua usiyoiona

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika maisha ya kawaida methali hii ni kweli tupu. Mkulima huangalia juu, akaona mawingu, akaanua kahawa yake. Lakini ndani ya korongo methali hii haitoshi. Aliye korongoni huona ukanda mwembamba tu wa mbingu. Zaidi ya hayo, maji yatakayomfikia hayatokani na mvua inayonyesha juu ya kichwa chake, bali yanatokana na mvua inayonyesha kilometa nyingi upande wa juu wa mto, nyuma ya vilima asivyoviona. Anaweza kuwa amesimama juani, mchanga ukiwa mkavu chini ya viatu vyake, na tayari mafuriko yako njiani.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua kijito chenye upana wa mita 10 na kina cha sentimeta 30, ambacho mtu mzima anaweza kukivuka. Kikibanwa katika korongo lenye upana wa mita 2 bila kubadilisha kasi, kina chake kitakuwa mita moja na nusu, yaani kufikia kifuani. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maji yaendayo kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde husafiri kilometa 5 kwa muda usiofika nusu saa. Ikumbukwe pia kwamba mafuriko ya mlimani si maji matupu. Huja yamebeba tope, magogo na mawe. Hata muogeleaji hodari hana la kufanya mbele ya kitu kama hicho.

Majirani zetu wa Kenya wamelipa gharama kubwa kujifunza jambo hili. Katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, lipo korongo zuri liitwalo Ol Njorowa, lenye kuta zilizochongwa na maji na njia nyembamba ambazo watu hupita mmoja mmoja. Tarehe 22 Aprili 2012, vijana wa kanisa waliokuwa katika matembezi walikumbwa humo na mafuriko ya ghafla, na 7 kati yao walikufa. Tarehe 1 Septemba 2019, watu wengine 7 walikufa katika korongo hilo hilo kwa namna ile ile, wakiwemo watalii na mwongozaji. Katika matukio yote mawili maji yalitoka sehemu za juu na kufika kwa ghafla. Tunataja tukio la pili kwa makusudi: aliyekuwemo ni pamoja na mwongozaji, mtu aliyeizoea njia. Kuizoea njia si sawa na kuiona mvua.

Sisi wenyewe hatuko mbali na somo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito inayoshuka kutoka Elgon, ikiwemo Nabuyonga na Namatala, ilifurika na kuuvamia mji wa Mbale. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Julai huhesabiwa kuwa miongoni mwa miezi mizuri ya kupanda Mlima Elgon, kwani waongozaji hupendekeza kipindi cha Juni hadi Agosti na kile cha Desemba hadi Machi. Kwa hiyo kalenda ni msaada, lakini haitoshi kuwa mlinzi.

Maporomoko ya aina mbili

Tumesema kuwa Kiswahili hutumia neno moja kwa maporomoko ya maji na ya ardhi. Yupo mwanafunzi atakayeona kuwa huo ni upungufu wa msamiati. Wenyeji wa miteremko ya Elgon wanaweza kumjibu kuwa lugha haikukosea.

Udongo wa Elgon una rutuba nyingi kwa kuwa umetokana na majivu ya volkano, na ndiyo maana watu wengi wanaishi na kulima katika miteremko yake mikali. Udongo huo ukishiba maji, huwa mzito na hulegea. Mteremko mzima unaweza kukatika na kushuka. Tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi katika Wilaya ya Bududa kilifukiwa, na mamia ya watu waliuawa au hawakupatikana tena. Tarehe 11 Oktoba 2018, katika wilaya hiyo hiyo, ardhi iliporomoka sehemu za juu ikaingia mtoni, na mto ukageuka kuwa mkondo wa tope na mawe ulioshuka hadi Bukalasi na kuua watu zaidi ya 40. Mwezi Novemba 2024 msiba mwingine wa namna hiyo ulitokea katika Wilaya ya Bulambuli.

Angalia mfuatano wa tukio la 2018. Lilianza kama maporomoko ya ardhi, likaishia kama mafuriko ndani ya mkondo wa mto. Waliokuwa chini hawakuwa karibu na mteremko uliokatika. Walikuwa karibu na mto. Kwa msafiri wa miguu fundisho ni kwamba kijito kimeunganishwa na kila kilicho juu yake. Anayeingia korongoni anaingia katika mlango wa mwisho wa mlima mzima.

Kulisoma korongo kabla ya kuingia

Makorongo hayajifichi. Huacha maandishi ambayo yanaweza kusomwa na anayejua kusoma. Kabla ya kuingia, angalia kuta zake. Je, kuna majani makavu, vijiti au takataka zilizonasa katika matawi na nyufa juu ya kichwa chako? Hizo ziliachwa na maji, na kimo chake ndicho kimo cha mafuriko yaliyopita. Je, mwamba wa chini umesuguliwa ukawa laini na hauna mimea, huku wa juu una kuvu na majani? Mstari unaotenganisha sehemu hizo mbili ni alama ya maji. Ukiwa umesimama chini ya mstari huo, uko ndani ya mto, hata kama miguu yako ni mikavu.

Pili, uliza kuhusu mvua kwa usahihi. Wengi huuliza, "Je, hapa kumenyesha?" Swali linalofaa ni, "Je, huko juu kumenyesha tangu jana?" Aliye karibu na simu awaulize wanaoishi upande wa juu wa mto. Wenyeji ndio kituo cha hali ya hewa kilicho karibu zaidi, na maneno yao yanastahili kuheshimiwa hata kama yanaharibu ratiba ya safari. Mwongozaji akikataa kuingia, hakuna mgeni wala kiongozi wa kikundi anayepaswa kumbembeleza au kumwongezea pesa.

Tatu, chunga saa. Milimani jua hupasha joto miteremko tangu asubuhi, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya mvua mara nyingi hukusanyika baada ya saa sita mchana. Anayeingia korongoni asubuhi mapema na kutoka kabla ya mchana amejipunguzia hatari kwa kiasi kikubwa. Ukiona radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilometa moja hivi. Lakini usingoje radi ikukaribie. Radi ikiwa upande wa chanzo cha mto, umbali wake si faraja.

Nne, kagua njia za kutokea. Kila baada ya hatua kadhaa jiulize: maji yakija sasa hivi, nitapandia wapi? Ikiwa umepita sehemu ndefu bila kuona mahali pa kupandia, ujue umeingia mahali ambapo kikundi kikubwa hakipaswi kukaa, kula wala kupumzika.

Tano, zijue dalili za mafuriko yanayokuja. Maji yaliyokuwa maangavu yakigeuka kuwa ya tope, toka. Majani na vijiti vikianza kuelea kwa wingi, toka. Ukisikia mvumo kama wa lori linalopanda mlima mahali ambapo hakuna barabara, toka. Iko dalili nyingine ambayo huwadanganya wengi: kijito kikipungua ghafla bila sababu, usishangilie kuwa sasa utavuka kwa urahisi. Huenda ardhi imeporomoka huko juu na kuuziba mto, na maji yanajikusanya nyuma ya kizuizi kitakachobomoka.

Kuhusu vidimbwi vilivyo chini ya maporomoko, methali yetu inatosha: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Usiruke kutoka juu. Chini ya povu kuna mawe usiyoyaona, na maji yaliyochanganyika na hewa hayambebi muogeleaji kama maji yaliyotulia. Mikondo ya chini inaweza kumvuta mtu na kumrudisha mahali maji yanapoangukia. Katika Sipi wapo wanaoshuka kwenye genge kwa kamba. Mchezo huo ufanywe na wenye vifaa na ujuzi tu, nao wavae kofia ngumu, kwa kuwa jiwe dogo likianguka kutoka mita 100 si dogo tena.

Lugha ya tahadhari

Tumefika sehemu inayotuhusu zaidi sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Katika njia za Elgon wanakutana Wasabiny, Wagisu, Waganda, Wakenya, Watanzania na wageni wengine. Upo hata uwezekano wa kupanda kutoka nchi moja na kushukia nchi nyingine, kwa mpango na wasimamizi wa hifadhi za pande zote mbili. Katika kikundi kama hicho, Kiswahili mara nyingi ndicho kinachobaki kuwa lugha ya kuitana. Lakini lugha ya kuitana wakati wa hatari inahitaji usahihi kuliko lugha ya mtihani.

Fikiria neno "juu". Mwongozaji akipiga kelele, "Nendeni juu!", anamaanisha nini? Mmoja ataelewa kuwa apande ukutani. Mwingine ataelewa kuwa aelekee upande wa juu wa mto, yaani kule kule maji yanakotoka. Neno "chini" lina utata huo huo. Anayeambiwa "rudini chini" anaweza kukimbia kufuata mkondo, na maji yana mbio kuliko yeye. Kinachomwokoa mtu ni kutoka kando na kupanda, wala si kukimbia kufuata korongo. Kwa hiyo amri iliyo bora ni ile inayotaja ukingo: "Tokeni majini! Pandeni ukingoni!" Tena ni vyema kutaja mkono: "Ukingo wa kulia!" Na kwa kuwa kulia kwa anayepanda ni kushoto kwa anayeshuka, kikundi kikubaliane mapema kuwa kulia na kushoto huhesabiwa kwa mtu anayetazama maji yanakokwenda.

Vivyo hivyo, "mvua inakuja" na "maji yanakuja" si kauli moja. Ya kwanza ni ya kumfanya mtu atafute mwavuli. Ya pili ni ya kumfanya aache mkoba na kupanda. Wapagazi na waongozaji wanajua tofauti hiyo. Wageni waliojifunza Kiswahili vitabuni huenda hawaijui, kwa sababu vitabu vyetu vingi vina sura ya sokoni, hotelini na hospitalini, lakini ni vichache vyenye sura ya mlimani.

Kwa walimu, yafuatayo yanaweza kufanyika bila gharama. Mwalimu achore mlima ubaoni, wenye kilele, mteremko, genge, maporomoko, kidimbwi, korongo na bonde, kisha awaombe wanafunzi wayapange maneno hayo mahali pake na kuyatumia kwa upatanisho sahihi. Baadaye mwanafunzi mmoja awe mwongozaji na wengine wawe wageni, na mwongozaji atoe maelekezo ya kutoka korongoni bila kutumia maneno "juu" na "chini" peke yake. Zoezi hili hufundisha viambishi vya mahali, hali ya kuamrisha na msamiati wa jiografia kwa pamoja. Kwa mwaka wa pili na wa tatu, wanafunzi waulize nyumbani kwao makorongo na mito huitwaje katika lugha za mama, na majina hayo yanaeleza nini kuhusu tabia ya maji. Mara nyingi majina ya mahali hutunza kumbukumbu ambayo wakazi wapya hawana.

Hitimisho

Makala haya hayakuandikwa ili kumzuia mtu yeyote asiende mlimani. Kinyume chake, anayeelewa jinsi Mto Sipi ulivyochonga mwamba wake huyafurahia maporomoko hayo zaidi ya yule anayeona maji tu. Tumeona kuwa korongo ni kazi ya maporomoko, kwamba maporomoko ya maji na ya ardhi yanakaribiana mlimani kama yanavyokaribiana katika lugha, na kwamba hatari kubwa ya korongo ni mvua inayonyesha mahali msafiri asipopaona. Tumeona pia kuwa neno moja lisilo wazi linaweza kumpeleka mtu kule anakopaswa kukimbia.

Tunawaomba wanafunzi watakaokwenda Elgon, Rwenzori au kwingineko katika likizo ijayo wayakumbuke maswali mawili tu kabla ya kushuka korongoni: Huko juu kumenyesha? Na nitapandia wapi? Asiyepata jibu la maswali hayo na abaki ukingoni. Maporomoko yanapendeza hata yakitazamwa kutoka hapo.